Kabla ya kuuliza bei ya nyumba

Katuba, Lubumbashi

Mama Mapasa mpenzi,

Habari ya Likasi? Mapasa, pacha wako, wamepona kikohozi? Huku baridi imeisha, vumbi limebaki.

Nimepata barua yako. Unataka nyumba huku Lubumbashi, ya vyumba viwili, bomba liwe ndani ya lopango, kiwanja cha nyumba, na bei isiwe ya kutisha. Nimeanza kuzunguka. Ila wewe umeuliza bei tu, na mji huu umenifundisha kuuliza kwanza mambo mawili: upepo unaelekea wapi, na basi inajaa saa ngapi.

Upepo kwanza. Ule mnara wa kiwanda cha shaba unaujua. Kiwanda kilianza kuyeyusha mwaka 1911, na kiangazi upepo wetu hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa miaka yote hiyo ulikwenda kuanguka kaskazini-magharibi. Mtaa wa Penga Penga uko upande huo. Leo mnara haufuki kama zamani, lakini shaba na madini ya risasi bado yamo udongoni. Juma lililopita niliona nyumba huko: safi, ina bomba, bei ya chini kabisa. Uani udongo mtupu, na nyasi chache zilizosimama mbalimbali kama nywele za mzee. Nikamuuliza mama mwenye nyumba, mbona hupandi mboga ya lengalenga? Akanionyesha mifuko sita ukutani, lengalenga imestawi vizuri. "Udongo wa mifuko nanunua," akasema. Nikawaza mapasa wanavyotambaa na kutia kila kitu mdomoni. Nikaaga.

Sasa basi. Mimi naamka saa kumi na nusu ili niwe kazini saa moja na nusu. Siyo kwamba Katuba iko mbali hivyo. Ni kusubiri. Hiace zinapita zimejaa, na ile inayosimama inatubana wanne wanne kila kiti, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Mtu akikohoa nyuma, wote tunavuta pumzi ileile. Kifua kikuu kinapenda gari la namna hiyo. Siku hizi nakaa dirishani na kulifungua kwa nguvu, wakasirike wanaokasirika. Jioni dereva anakata safari katikati, tunashuka, tunalipa tena. Nikifika nyumbani, bukari, ugali wetu, naila nikiwa nimeshaanza kusinzia.

Babu yangu, aliyekulia mtaa wa Kamalondo, alikuwa anasema umbali huu ulichorwa na penseli. Mji ulianzishwa 1910, na Wazungu wakaacha uwanja mtupu kati yao na sisi, wakauita zoni netre, eneo la kututenganisha. Sababu waliyoitoa ni malaria: eti mbu aliyemuuma Mweusi usiku asiweze kuruka mpaka kitandani kwa Mzungu. Mbu hakusoma ramani, bila shaka. Kamalondo ikawekwa ng'ambo ya uwanja huo, mtaa wa Kenya ukafuata nyuma yake, halafu Katuba yetu nyuma ya Kenya. Afya waliyoifikiria ilikuwa ya upande mmoja. Jakaranda zikapandwa mjini, kwenye barabara za wenye magari, na sisi wa kutembea kwa miguu tukaachiwa jua.

Na sasa nicheke kidogo. Mwezi wa tano nilipimwa tansion, presha ya damu, imepanda. Daktari akasema: tembea, mama, nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma. Nikamwambia, dokta, nitatembea wapi? Akatazama nje, akacheka naye. Lakini nilijaribu. Jioni nikawa nashuka Kenya, naendelea kwa miguu. Kando ya barabara pamejaa meza za wauza nyanya na simu. Mfereji uko wazi, umejaa chupa za plastiki. Inabidi ushuke barabarani pamoja na magari. Siku ya nne kioo cha pikipiki ya abiria ya manseba mmoja kilinigonga kiwiko. Hakusimama. Kiwiko kilivimba siku tatu, na dawa ile ya kutembea nikaiacha hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, afadhali vyumba vidogo Kamalondo kuliko lopango kubwa kule mbali Ruashi. Nyumba ni za zamani, choo mtachangia na majirani, na bei itakuuma. Lakini baba mapasa atafika mjini kwa miguu, atarudi watoto hawajalala. Fedha ya basi itumieni kwenye kodi. Nimeona mbili huko. Moja iko bondeni kidogo, karibu na mfereji. Alama ya maji ya mvua iliyopita bado iko ukutani, karibu na goti langu. Hiyo nimeifuta. Ya pili inafaa kuangaliwa.

Njoo uione mwenyewe, lakini uje Jumatatu, tuwe njiani saa kumi na moja alfajiri. Mwenye nyumba ameshaniambia mara mbili kwamba Jumapili ndiyo siku nzuri.

Wasalimie wote,
Dada yako wa Katuba