Barua kwa mwanangu aliyeko Bahla: tanuri lenu msilitie saruji

Maskati

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Picha zako nimezipata, na ile sauti uliyonirekodia usiku nimeisikiliza na baba yako. Alhamdulillah, ukuta wa tanuri lenu la kuchomea vyungu umeshafika kifuani! Nakujibu kwa maandishi kwa sababu nina mengi, na mengine nataka uwasomee wenzako.

La kwanza ni saruji. Umesema baadhi ya vijana wanataka kuichanganya kwenye matofali ili kazi iishe kabla ya joto kuanza. Wakatazeni. Baba yako, ambaye ujenzi ndio uliomlisha miaka yote, anasema saruji ya kawaida ikipata moto wa nyuzi 400 au 500 huanza kumeguka, na nyinyi mnataka kupandisha zaidi ya hapo. Ukuta utapasuka kwa ndani na kuangukia vyombo. Tofali la udongo na mabua lililokaushwa juani halina tabia hiyo. Kila mkiwasha, upande unaotazama moto unazidi kuiva na kuwa mgumu, na ufa ukitokea mnauziba kwa udongo uleule mlioutumia mwanzo.

Inueni macho muitazame ngome ya Bahla. Kuta zake na minara ni matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe. UNESCO waliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata wakaiweka katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, kwani kila msimu wa mvua ukipita kipande kilikuwa kinaporomoka. Ikatolewa katika orodha hiyo mwaka 2004, baada ya kazi ndefu ya mafundi. Udongo unadai kuangaliwa kila mwaka. Anayetaka kujenga mara moja akaondoka, huyo asishike tanuri.

Sasa moto wenyewe. Usiku ule uliniuliza kwa nini fundi wenu mzee anataka kuni chache tu kwa saa nyingi za mwanzo, na vijana wanachoka kungoja. Chombo kinachoonekana kikavu bado kina maji ndani ya ngozi yake. Moto ukija kwa pupa, yale maji hugeuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka, na utasikia mlio ndani ya tanuri: pa! Hicho kimekwenda, na mara nyingi kinaondoka na jirani zake. Ndiyo maana mnachoma polepole chini, moshi unapita kwenye matundu ya sakafu, unapanda katikati ya vyombo na kutokea juu mlikofunika kwa vigae. Weka mkono wako juu ya vigae vile, kwa mbali. Madhali hewa inayotoka ina unyevu, msiongeze kuni. Baadaye, kwenye nyuzi 573, chembe za mchanga zilizomo ndani ya udongo hutanuka kwa ghafla, na wakati wa kupoa hujikunja papo hapo. Kwa hiyo hata baada ya moto kuzimika, msifungue. Najua hamu mtakayokuwa nayo. Msifungue mpaka kigae cha juu kishikike kwa mkono mtupu.

Na vile vitakavyovunjika msitupe. Vipondeni viwe kama changarawe laini mchanganye kwenye udongo mpya. Vinasaidia chungu kisipasuke kinapokauka na kinapoungua.

Limeniuma lile la yule mzee aliyekuuliza mwanamke anatafuta nini kwenye gurudumu la kufinyangia. Usimjibu vibaya. Bahla kazi hii imekuwa ya wanaume, baba akimrithisha mwana, na yeye anasema alichokiona. Lakini Dhofari, kusini ya Omani hii hii, vyetezo vinafinyangwa na wanawake, kwa mkono, bila gurudumu. Na kwetu Pemba ni vivyo hivyo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi. Chungu kilikaa chini, yeye ndiye aliyekizunguka, mgongo umeinama, mkono mmoja ndani na mmoja nje. Ndani alikwangua kwa kipande cha kifuu cha nazi. Udongo ukishakakamaa kidogo alichukua kijiwe cha pwani, akasugua na kusugua mpaka chungu king'ae kabla hakijaona moto. Tanuri hakuwa nalo. Alivifudikiza vyungu uwanjani, akavifunika kuni na makuti, akachoma kwa muda mfupi huku akiuchunga upepo kuliko kitu chochote. Baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko ng'ambo warudi, wazee wetu walikuja huku na ufundi ule ukabaki kule. Mama yangu hakuushika, mimi pia sikuushika. Umeushika wewe, Bahla! Hujui nilivyolia.

Tena ufundi huo haukuanza na bibi. Unguja Ukuu wataalamu wamechimbua vyungu vya tangu karne ya 7, shingoni vimechorwa mistari ya pembetatu, na vya aina hiyo vimeonekana pwani nzima kuanzia Lamu mpaka Msumbiji. Mlemle vilimo vigae vya mitungi mikubwa ya rangi ya samawati na kijani iliyoletwa na majahazi kutoka Ghuba. Udongo wa huku na wa kule ulikutana zamani sana, mwanangu, kwa hiyo hapo ulipo si mgeni.

Jambo la mwisho ni kile mtakachochoma. Nimeona kwenye picha mitungi midogo iliyopakwa rangi ya mafuta kwa ajili ya watalii. Kuuza si vibaya, kuni zinataka pesa. Lakini jahla, yaani mtungi wa kupozea maji, ikipakwa rangi haitoi jasho, na isipotoa jasho maji hayapoi, kwa sababu ni yale machache yanayopenya na kukauka nje yanayoondoka na joto. Mtakuwa mmetengeneza pambo. Chomeni jahla tupu, muitundike kivulini penye upepo, mumnyweshe kila anayekuja kuangalia. Hapo watanunua kwa kujua wananunua nini. Wazee wamesema mfinyanzi hulia gaeni, na hilo mimi silikubali kwangu. Chungu cha kwanza kitakachotoka salama, ukikigonga kikalia vizuri, ni cha kupikia. Nataka chenye mdomo mpana na mkungu wa kufunikia, niweke makaa juu.

Niarifu mapema siku ya kuwasha. Tutakuja na baba yako alfajiri, nitaleta halwa na kahawa ya wazee, na mkate wa kumimina kwa wenzako. Baba yako anauliza kama kuni za mgunga zinatosha au azitafute njiani Nizwa. Mjibu yeye moja kwa moja, anangoja.

Nakubusu.

Mama yako