Amplifaya iliyoungua si lazima iwe bandia

Ndugu Mhariri,

Amplifaya ya kwaya yetu hapa Moshi, iliyotoka Japani ikiwa imetumika, iliungua siku ya kwanza, na wengi wakahukumu kwamba ni bandia. Nilipoigeuza nilikuta imeandikwa volti 100, ilhali umeme wetu ni volti 230; kiwanda hakikukosea, bali muuzaji aliyetuuzia bila transfoma ya kushusha umeme, na sisi pia (nakiri kwa aibu) tusiosoma kibandiko. Hata iliyotengenezewa volti zetu inaweza kuungua fundi akiunganisha spika nne za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) sambamba, kwani ukinzani wa zote pamoja hushuka hadi omu 2 na kuvuta umeme mwingi, ambao mashine nyingi haziuhimili. Naomba wauzaji waandike volti kwenye risiti.

Mwanakwaya,
Moshi.