Shukrani kwa uliyetuletea mizani, Moshi

Wewe uliyeacha mizani na bahasha ya nauli bila jina, asante sana, Mungu akuzidishie. Wagonjwa wengi wa figo tunaowahudumia husafishwa damu mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara. Anayetoka Rombo au Same akikosa nauli, maji na potasiamu (madini yaliyo mengi kwenye ndizi) hujaa mwilini: miguu huvimba, pumzi hubana, moyo unaweza hata kusimama. Nauli yako imeziba pengo hilo hasa.

Mizani zimegawiwa majumbani. Iwekwe kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia, maana itadanganya. Mgonjwa apime asubuhi, akishatoka msalani, kabla ya chai. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 kati ya siku za kusafishwa, mara nyingi hayo ni maji, si unene: apunguze chumvi na vinywaji, amweleze muuguzi.

Na kwa kuwa huku kwetu ndizi ndiyo chakula, tunawaelekeza wapishi pia: zimenywe, zikatwe vipande vidogo, zichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe ili potasiamu ipungue, ndipo ziungwe. Sahani iwe ndogo hata hivyo. Mtori, unaopondwa na maji yake, potasiamu yote hubaki humo.

Wagonjwa na familia zao wanakusalimu.