Usiyafute yale majuma mawili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipokea juzi jioni na nimeisoma mara tatu. Sisi huku Kibirizi, Kigoma, hatujambo. Baba yako amepona kikohozi, na mwalo ni ule ule unaoujua, vichanja vimejaa dagaa tangu alfajiri. Kilichoninyima usingizi ni ile aya ya mwisho, unaposema kwamba mtu anayekuzidi madaraka amekushauri uyaondoe majuma mawili katika hesabu zako za dagaa, kwa kuwa yanaharibu mchoro na yanapinga ulichokuwa umetarajia. Mimi si mtaalamu wa samaki, ila nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na najua tofauti ya daftari lililokosewa na daftari lililorekebishwa ili lipendeze.

Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe wa Gombe, alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, redio zote zilimtaja kwa habari ya sokwe na mchwa. Ni kweli, hiyo ndiyo iliyompa jina. Mimi nataka nikuandikie habari ya daftari lake.

Alishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa msichana wa miaka 26 asiye na shahada yoyote, ametumwa na Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, kwa fedha za kutosha miezi sita tu. Alifuatana na mama yake, Vanne, kwa sababu serikali ya kikoloni haikukubali msichana akae peke yake porini. Wakati huo mji wetu ulikuwa umefurika Wabelgiji waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia machafuko ya Kongo, hata mama na binti wakapiga hema lao katika uwanja wa gereza wakingoja ruhusa ya kuendelea. Walipofika Gombe, mama huyo alifungua kijizahanati cha kuwapa wavuvi dawa za kawaida, na kwa njia hiyo wenyeji wakazoea kuwaona kama majirani. Unisamehe nikikawia hapa, lakini mimi ni mama, na namfikiria mwanamke yule akibaki kambini mchana kutwa huku mwanawe yuko mlimani.

Miezi ya mwanzo haikuwa na matunda. Wote wawili waliugua malaria, sokwe walimkimbia kila walipomwona, na fedha zilikuwa zinakwisha. Alichokifanya ni kupanda kilele kile kile kila siku, kukaa na darubini yake, na kuandika alichokiona, hata kama alichokiona ni mgongo wa sokwe unaopotelea majanini. Mwezi Novemba akamwona dume mmoja mwenye ndevu za mvi, ambaye alimwita David Greybeard, ameketi kando ya kichuguu. Alikuwa akitumbukiza ubua wa nyasi tunduni, anausubiri, anauvuta polepole ukiwa umegandwa na mchwa, kisha anawachukua kwa midomo. Baadaye akaona sokwe wakichuma kijiti na kukipukutisha majani kwanza, yaani wakitengeneza zana. Wataalamu wa siku zile walimtambulisha binadamu kuwa ndiye kiumbe pekee anayetengeneza zana, ndiyo maana Leakey alijibu kwa simu ya maandishi kwamba sasa ama tutoe maana mpya ya zana, au maana mpya ya binadamu, au tuwakubali sokwe kuwa binadamu. Hata alipokwenda Cambridge kusomea uzamivu, aliambiwa amekosea kuwapa sokwe majina, kwamba angewapa namba. Hakuyafuta majina.

Hilo lilikuwa rahisi, mwanangu, kwa maana alikuwa akipinga fikra za watu wengine. Gumu lilikuja kati ya 1974 na 1978. Kundi la sokwe wa Kasakela lilikuwa limegawanyika, waliojitenga wakahamia upande wa kusini katika bonde la Kahama, na wenzao wakawafuata mmoja baada ya mwingine wakawaua, wale wale waliokuwa wakichambuana manyoya miaka michache nyuma. Goodall alikuwa ameamini kwamba sokwe wanafanana nasi lakini ni wapole kuliko sisi. Habari zile zilimsumbua hadi usingizini, na walikuwapo wenzake waliomshauri apunguze makali yake asije akawapa watu hoja ya kuhalalisha vita. Aliyachapisha yote. Naona hapo ndipo alipokuwa mwanasayansi kuliko siku ile ya mchwa.

Tena ujue ni akina nani walioyaandika. Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, yaani Kongo ya leo, usiku na kuwateka wanafunzi wanne. Wote waliachiliwa baadaye, ila watafiti wa kigeni waliondolewa Gombe, na Goodall mwenyewe akawa anakuja kwa siku chache tu. Waliobaki wakiwafuata sokwe ni watu wa huku kwetu, akina Hilali Matama na wenzake, waliojaza daftari zao kwa Kiswahili. Nilipowapeleka wanafunzi wangu kule, nilimwona mmoja wa waandishi wa sasa akisimama chini ya mti, saa mkononi, ubao wa karatasi kifuani, mvua ikimnyeshea. Aliandika jina la sokwe, mti anaoula, na aliyekaa karibu naye, bila kumtazama hata mmoja wetu. Miti uliyoipanda ukiwa darasa la tano katika klabu ya Roots & Shoots nayo ilitokana na kazi ile ile, lakini hayo unayajua.

Kwa hiyo jana nilishuka mwaloni na tarehe zako mkononi. Nimewauliza wachuuzi wawili na nahodha mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Wote wanakumbuka kwamba majuma yale mnunuzi mkubwa alikuwa hapa akitoa bei nzuri, hata mitumbwi ya Kalalangabo ikaacha kushusha kwao ikaja kushusha hapa. Kumbe ulipopima dagaa wa Kibirizi ulikuwa ukipima na wa wenzao. Sijui kama hiyo ndiyo sababu yote, wewe ndiwe utakayeipima. Hesabu ziache zilivyo, na pembeni yake uandike neno hili, tarehe niliyoulizia, na kwamba niliyeuliza ni mama yako.

Nimekutumia kwa treni ya kesho migebuka mikavu, chupa ya mawese, na daftari mbili za jalada gumu.

Mama yako