Ishirini na moja ya wawili: ugawaji uhame kila mgao

Mhariri,

Maelezo ya karata ya ishirini na moja (anayeikaribia 21 zaidi bila kuipita ndiye mshindi) yaliyotoka kwenye ukurasa wenu wa burudani yameruka jambo ambalo, wachezaji wakiwa wawili tu, ndilo linaloamua nani atainuka na kete zote: nani anagawa, na anagawa mpaka lini.

Misingi mliieleza vizuri. Karata 52, jokari pembeni. Jeki, malkia na mfalme ni 10 kila mmoja, ree ni 1 au 11 apendavyo aliyeishika, nyingine zinahesabiwa kwa namba zake. Kila mtu anapata mbili. Ya kwanza ya mgawaji inalala wazi, ya pili inafunikwa. Asiyegawa ndiye anayeanza kusema "ongeza" au "inatosha". Akipita 21 kete yake imekwenda, na mgawaji hana haja hata ya kufunua.

Hapo ndipo mgawaji anapopatia. Tuseme wote wawili wanaongeza mpaka wafike 17 ndipo wasimame. Kila mmoja atazidi 21 kama mara 28 katika migao 100. Kama mara 8 wangezidi wote wawili, lakini aliyeanza ameshalipa, kwa hiyo zote 8 ni za mgawaji. Mkimpa na sare pia, kama wafanyavyo wengi barazani, mnamwongezea migao mingine kama 10 katika 100. Sare kila mtu achukue chake.

Wapo wanaofuata desturi ya Pontoon, ishirini na moja ya Uingereza, kwamba atakayepata ree na karata ya 10 kwa mkupuo ndiye anayechukua ugawaji. Kwenye meza ya watu sita haina neno, maana ugawaji unahama kila baada ya migao michache. Wakiwa wawili, asiyegawa hupata mkono huo kwa wastani mara moja katika migao 21, na pakiti moja huisha baada ya migao 9 hivi. Karata zitachangwa upya mara mbili na mgawaji ni yuleyule. Kibaya zaidi ni ile ya "mshindi agawe": aliyetangulia anapewa na mbeleko.

Kwa hiyo ugawaji uhame kila mgao, na mchezo ukome kwenye mgao wa namba shufwa, 20 kwa mfano. Mgawaji naye afungwe: chini ya 17 lazima aongeze, 17 na zaidi lazima asimame, hata kama moja ni ree. Mkimwachia hiari huku karata za mwenzake ziko wazi, atasimama na 13 kwa sababu ameona mwenzake ana 12. Asiyetaka kumfunga mgawaji basi amruhusu mwenzake afunike zake.

Ushauri wenu wa "simama kwenye 14 daima" nao una kasoro. Itazameni karata ya wazi ya mgawaji. Akiwa na 6 huzidi kama mara 42 katika 100, hivyo mwenye 14 anyamaze. Akiwa na 10 huzidi kama mara 21 tu, na anayesimama na 14 hana njia nyingine ya kushinda. Aongeze, ingawa kuna kama 46 katika 100 ya kuzidi. Mstari unapita kati ya 6 na 7: mgawaji akionyesha 2 mpaka 6, mwenye 13 mpaka 16 asimame, akionyesha 7 na kuendelea au ree, aongeze mpaka 17. Na ree pamoja na 6 si mkono wa kusimama nao. Ikija 10, ree inageuka 1 na jumla inabaki 17 ileile, kwa hiyo kuongeza hakuwezi kukuangusha.

Karata zilizotumika ziwekwe kando, zisirudishwe chini ya pakiti. Zikibaki pungufu ya 15, kusanyeni zote mchange, maana mgao mmoja unakula 5 au 6 na mara nyingine 10. Changeni kwa kupishanisha mafungu mawili mara 7, na asiyegawa akate. Mkisubiri pakiti iishe kabisa, mwenye kumbukumbu atajua kwamba kati ya zile 16 zenye thamani ya 10 zimebaki mbili, na ataongeza kwenye 15 bila woga.

Msomaji wenu,
Tanga