Hodi isiyo na mtu mlangoni

Tanga, Jumapili usiku

Swahiba,

Salamu kutoka kwetu sote. Mtoto amepona homa, mvua ndiyo haijataka kutuacha. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakosa raha, hasa pale unaposema keneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, imenyamaza, hailalamikii tena intarapti (hodi ambazo vifaa humpigia prosesa) zisizo na mwenyewe, tangu ulipoifundisha draiva yako, programu inayoisimamia kadi ya diski, kujibu "nimeshughulikia" kila inapoitwa, hata kadi ya diski ikiwa haina neno. Ndugu yangu, hapo umemziba mlinzi mdomo.

Sikusemi kwa ubaya, maana mwaka jana nilifanya hilo na zaidi. Unaikumbuka ile kompyuta kuukuu niliyoitoa kwa fundi, yenye diski mbili za IDE, ule muunganisho wa zamani? Ndiyo niliyokuwa naiandikia keneli yangu ndogo. Diski ya kwanza inapiga hodi kwa mstari wa IRQ14, ya pili kwa IRQ15. Mambo yalikwenda vizuri, ila nikinakili faili kubwa kutoka diski ya pili, mara mojamoja naambulia sekta moja mbovu: baiti 512 za takataka, kabla yake safi, baada yake safi. Nikashuku waya, nikabadilisha. Nikashuku diski yenyewe, maskini ya Mungu.

Usiku mmoja nikaamua kuchapisha hali ya diski kila intarapti inapoingia. Skrini ikajaa 58, 58, 58, yaani data iko tayari, njoo uchukue. Kisha katikati ya hizo ikapita D0 moja. D0 maana yake biti ya BSY imewaka. Diski iko kazini, haina cha kukupa. Sasa kama diski haijamaliza, nani aliyebisha?

Aliyebisha ni 8259A, chipu inayopokea hodi zote na kuzipeleka kwa prosesa. Diski inapandisha mstari wake, chipu inamgutusha prosesa, prosesa anauliza: nani? Mstari ukiwa umeshashuka kabla ya swali hilo, chipu haina jina la kutaja, na kunyamaza hairuhusiwi. Basi inataja namba yake ya mwisho: IRQ7 kwa chipu ya kwanza, IRQ15 kwa ya pili. Bahati yangu ndiyo hiyo, namba ya uongo ni ileile ya diski yangu ya pili. Fanksheni yangu ikaamini, ikaenda kusomba maneno 256 kutoka poti 0x170, mlango wa data wa diski hiyo, wakati diski bado inatafuta sekta.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Nikasema, hodi ikiwa ya uongo natoka kimya, siambii chipu yoyote EOI, yaani kazi imekwisha. Baada ya muda diski zote mbili zikafa na kipanya kikaganda. Lakini saa iliendelea kuhesabu, na kibodi ikaandika kama kawaida. Nilikaa na jambo hilo mpaka chai ikapoa. Chipu ya pili imening'inizwa kwenye mstari wa IRQ2 wa chipu ya kwanza. Ya kwanza haijui kwamba hodi ilikuwa hewa. Inasubiri kuambiwa kazi imekwisha, na inapokuwa inasubiri, IRQ2 na zote zilizo chini yake kwa daraja zimefungiwa. Saa ni IRQ0, kibodi ni IRQ1. Wako juu, hawana habari.

Kwa hiyo sasa naiuliza chipu ya pili ni hodi gani inahudumiwa: naandika 0x0B kwenye poti yake 0xA0, nasoma jibu, naangalia biti ya 7, ambayo ni ya IRQ15. Ikiwa haijawaka, natuma EOI kwa chipu ya kwanza tu. Ya pili siigusi, kwa sababu EOI ya bure inaweza kufuta kazi ya mwingine anayehudumiwa kwa haki.

Na mstari ulishushwa na nani? Na mimi mwenyewe! Nilikuwa na kipande cha msimbo kinachochungulia kama diski imechelewa, nacho kilisoma hali kwenye 0x177, rejista (kisanduku kidogo cha taarifa) ya diski. Kuisoma rejista hiyo kunazima hodi ya diski. Kikishaona data tayari kinaichukua na kuagiza sekta inayofuata, huku nyuma hodi ya mzimu inakuja. Nikakihamishia 0x376, ambako unaona hali ileile bila kuzima kitu.

Yako ni tofauti kidogo, maana kadi yako ni ya PCI, njia ya pamoja ya kadi za kompyuta, na mstari mnagawana na majirani. Linux, keneli yako, huuliza kila draiva iliyo kwenye mstari. Katika intarapti 100,000, zikizidi 99,900 zisizo na mwenyewe, inaufunga mstari, na diski yako inakwenda nao. Ndiyo maana ulipata hofu, nakuelewa. Lakini ukidai zote ni zako, siku jirani akipagawa keneli haitajua kamwe, na prosesa atazunguka hapo hadi uchomoe umeme. Soma rejista ya hali ya kadi. Kama hakuna biti yako, rudisha IRQ_NONE, yaani si yangu, bila aibu, chache haziumizi.

Mimi nashuku jambo moja zaidi. Unapoandika kwenye kadi kuzima hodi, andiko lile huweza kukaa njiani kwenye daraja la PCI, kivuko kati ya prosesa na kadi. Wewe umesharudi, mstari bado uko juu, unaitwa tena, unakuta hamna kitu. Jaribu kuisoma rejista hiyohiyo mara tu baada ya kuiandika. Kusoma hakupiti mpaka andiko lifike. Ni mstari mmoja wa msimbo.

Nitumie ile fanksheni yako pamoja na /proc/interrupts, faili la hesabu ya hodi za kila mstari, ya kabla na baada ya kunakili faili kubwa. Na irqpoll, lile chaguo la keneli la kuwauliza wote hodi ikikosa mwenyewe, uitoe kwanza, isije ikatuficha tunachokitafuta. Msalimie mama, mwambie ile achari imefika salama na imeshakwisha.

Wako,
yuleyule wa Tanga