Programu za kuiga atomu ni za bure, tugawane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na walimu wenzangu wa fizikia pamoja na wanafunzi wa vyuo. Programu za kompyuta zinazoiga mwendo wa atomu na chembe ndogo zaidi, zilezile wanazotumia mabingwa wa dunia, hutolewa bure. Hakuna haja ya kumlipa mtu akuwekee nakala ya wizi.

Nasema kwa uchungu. Kijana niliyemfundisha, sasa yuko chuo kikuu, aliuziwa mjini programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Ilikuja na virusi, vikamharibia rasimu yote ya utafiti. Na kazi yenyewe, kupiga hesabu za elektroni ndani ya silikoni, ingefanywa na Quantum ESPRESSO iliyozaliwa Italia, bila senti.

Wengi hukwama kwa kutafuta "programu ya atomu" kana kwamba ipo moja. Anza na swali lako. Ukitaka kujua elektroni zinavyoshikanisha atomu, ni hiyo niliyoitaja. Ukitaka kuona maelfu ya atomu zikisukumana, chuma kikiyeyuka au protini ikitikisika ndani ya maji, chukua LAMMPS ya maabara ya Sandia, Marekani, au GROMACS iliyoanzia Groningen, Uholanzi. Hizi haziihesabu kila elektroni, hufuata kanuni za Newton, ndiyo maana humudu atomu nyingi. Kwa mionzi inayopenya vitu kuna Geant4, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1998 na kutunzwa na CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, pamoja na washirika wake.

Hii Geant4 ndiyo iliyoniteka. Mwaka 2016 mashine ya tiba ya mionzi inayotumia kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, ilipokufa, Uganda nzima ilibaki bila tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani. Darasani nikamiminiwa maswali. Mionzi hiyo inapitaje mwilini? Kuta za chumba kile ni nene kiasi gani? Mbona mhudumu hadhuriki? Hakuna shule itakayoruhusiwa kufungia kobalti-60, chanzo cha mionzi hiyo, kabatini. Ndani ya kompyuta unaiweka bila hofu. Unarusha fotoni zake, yaani chembe za mionzi, zenye nishati ya megaelektronivolti 1.17 na 1.33, kwenye tangi la maji, maana mbele ya mionzi nyama ya mwili haiko mbali na maji. Kila fotoni huchezewa bahati yake: itagonga elektroni hapa, au itapita? Moja haikuambii kitu. Rusha laki moja, utaona dozi inavyopungua kadiri unavyozama. Weka ukuta wa madini ya risasi, utaona sentimita moja na kidogo tu inakata nusu ya mionzi. Mwanafunzi anayepata jibu hilo kwa hesabu yake mwenyewe hulielewa kuliko yeyote aliyenakili ubaoni.

Kwa sekondari ipo PhET, mkusanyiko wa maigizo ya sayansi ya kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman. Unahifadhi faili, unaifungua hata pasipo intaneti.

Kikwazo chetu ni bando la intaneti. Tangu Julai 2021 tunalipa kodi ya asilimia 12 juu yake, na faili za data za Geant4 zikishafunguliwa huzidi gigabaiti moja. Mwalimu wa wilaya ya Yumbe hawezi kuzipakua kwa simu. Lakini leseni za programu hizi zinaruhusu kunakili na kumpa mwenzako. Huo si wizi, ndivyo waandishi wake walivyotaka. Basi ninyi mlio vyuoni, mnaotumia RENU, mtandao wa intaneti wa vyuo na taasisi za utafiti Uganda, pakueni mara moja, mziweke kwenye diski pamoja na Ubuntu, aina ya mfumo wa kompyuta wa bure uitwao Linux, maana nyingi hukaa vizuri zaidi kwenye Linux. Waratibu wa SESEMAT, mpango wa kuwafunza walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari, nao wazigawe walimu wa sayansi wanapokutana kwa mafunzo. Tunaambiwa kinu cha nyuklia kitajengwa Buyende, hapa Uganda. Watakaokiendesha wako madarasani mwetu leo.

Mimi diski yangu iko tayari. Mwalimu yeyote wa Arua, Koboko au Nebbi anayenifahamu aje na flashi ya gigabaiti 16, nitamnakilia na kukaa naye mpaka fotoni ya kwanza irushwe.

Mwalimu wa fizikia,
Arua